Pilau ya Idi Ijumaa ya Kwaresima

Dunda, Bagamoyo
Jumapili, mwezi 9 Mfungo Mosi
(kwa mdogo wetu Muharami ni mwezi 10, na ubishi tumeuweka kando)

Mpendwa Dada Rukaya,

Shikamoo dada yangu. Assalaam alaykum, na Idi iliyopita iwe ya kheri kwako na kwa nyumba yako yote huko Ujiji. Hujambo wewe? Shemeji Mikidadi hajambo na mgongo wake? Na Ashrafu, bado anaimba usiku kucha, au amepata mke wa kumnyamazisha? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mke wangu Shufaa hajambo, watoto hawajambo. Mvua za masika zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Mama ni mzima, na anaona. Naliweka hili mwanzoni ili usiisome barua hii huku umeshika kifua.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba upasuaji umekwenda vizuri. Ukalia, nami nikashindwa kusema mengine. Mambo haya hayafai kusemwa kwa simu hata hivyo, maana sauti hukatika pale pale penye utamu. Sasa Mwinshehe wa nyumba ya tatu anasafiri kuja Kigoma, nimemkabidhi barua hii na mfuko wa visheti. Visheti vikifika pungufu, muulize yeye.

Ugomvi wetu mimi na Muharami unaujua kwa vipande, kila mtu akikupigia kukueleza upande wake. Nakueleza wote sasa, na nitajitahidi kuwa mwadilifu, ingawa adui zangu husema sina kipaji hicho. Mimi nafuata mwezi ulioonekana nchini petu, kama alivyofuata marehemu baba, na babu kabla yake. Muharami, tangu ahamie Mapinga akawa anaswali kwenye msikiti mpya wa kule, anafuata mwezi popote uonekanapo duniani. Ukitangazwa ng'ambo, naye amefunga au amefungua. Basi Idi ya miaka mitatu iliyopita alikuja hapa na mkewe Najma, watoto wamevaa kanzu mpya, wananukia udi, siku ambayo kwa nyumba hii ilikuwa bado Ramadhani. Nilimuuliza mbele ya watoto wake:

"Mmekuja kula mchana wa Ramadhani kwa mama yenu?"

Akanijibu bila kupepesa: "Kufunga siku ya Idi ni haramu, kaka. Mwenye dhambi hapa leo ni wewe."

Nikaandika makala gazetini. Sheikh wao akanijibu kwenye hotuba ya Ijumaa. Nikaandika nyingine, ndefu zaidi, yenye dalili zaidi. Tangu hapo Muharami akawa anakuja kumwona mama nikiwa nimetoka, na Idi kila mtu anakula kwake. Sikusimulii haya ili nikuombe radhi. Hoja yangu ni ile ile na bado ni sahihi.

Ila mama hakuwa na haja ya hoja. Unajua macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho, la kulia likaziba kabisa. Daktari wa Dar es Salaam alimpa siku ya upasuaji, Jumanne baada ya Idi, akatuonya kwamba jicho lile likiachwa zaidi laweza kuharibika moja kwa moja. Nikamwambia mama jitayarishe. Akasema haendi.

"Nifunguliwe macho nione nini?" akaniuliza. "Wanangu waliopeana visogo? Hivyo naviona hivi hivi nilivyo kipofu."

Nilikaa naye barazani nikamsomea hadithi ya Kuraibu, aliyeuona mwezi Sham, akarudi Madina kumpa Ibn Abbas habari, na Ibn Abbas asiufuate mwezi wa Sham. Nilimweleza kwa utulivu, kwa mpangilio mzuri, dada, ungependa kunisikia. Mama akasubiri nimalize.

"Haidar," akasema, "mimi nimekuuliza habari za mwezi? Nimekuuliza habari za ndugu yako."

Nikampigia Muharami. Alinijibu kwa adabu iliyoniudhi kuliko tusi. Atakuja siku yoyote niitakayo, isipokuwa siku ya Idi yangu, maana kuja siku hiyo ni kukiri kwamba Idi ndiyo hiyo. Nami sikukubali kwenda kwake siku ya Idi yake, kwa sababu hiyo hiyo. Na mama alikuwa anataka Idi, si siku nyingine. Alitaka watoto wake kwenye sinia moja siku ya Idi, kama zamani. Sote wawili tumerithi shingo ya marehemu baba, nayo haikuwa shingo ya kugeuka. Ramadhani ikaisha nusu, ikaingia kumi la mwisho, na Jumanne ya daktari inakuja. Nilianza kusali tahajudi kwa ajili ya jicho la mama, nikijua fika kwamba jambo ninaloliomba liko mkononi mwangu. Hilo ni jambo baya kulijua ukiwa kwenye sijida.

Sasa Perpetua. Jirani yetu ni mzima kama unavyomkumbuka, mdomo haujazeeka. Mwaka huu Kwaresima yao na Ramadhani yetu ziliingia wiki moja, basi ua wetu na ua wake ukawa na njaa pande zote mbili. Alikuwa akimwita mama juu ya ukuta: "Mwanamvua, ninyi mnafunga kula, halafu usiku mnakula mara tatu. Sisi tunafunga kweli." Mama naye: "Ninyi mnafunga nyama, samaki mnamaliza bahari. Hiyo ni funga au mapishi?" Kila siku hivyo hivyo, na kila siku wanacheka kana kwamba ni mpya.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, univumilie, maana nina hasira ya wiki nzima. Bwana mmoja, ambaye jina lake halistahili wino wangu, ameandika kwenye kijitabu cha wageni wa hoteli kwamba dini za Bagamoyo zimeishi pamoja tangu zamani "kama maua ya bustani moja". Maua! Wakati misikiti ya Kaole ilikuwa tayari ni magofu, mji huu ulikuwa unauza watu. Mapadri walipofika mwaka 1868 na kujenga misheni, walianza kijiji chao na watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Babu wa babu yake Perpetua alikuwa mmoja wao, aliletwa kutoka bara akiwa hajui hata jina la bahari. Na aliletwa na nani? Na msafara. Na wazee wetu walikuwa wapi? Kwenye misafara, dada, wamebeba bunduki, wanashuka na njia ile ile inayoishia huko uliko wewe. Khoja akaja na duka lake na jamatkhana yake ya kuswalia, masheikh wa tarika ya Kadiria wakaja na zikri, na watu wasio na ukoo mjini, wengi wao wana wa watumwa, wakaingia kwenye zikri ile kwa sababu ndipo walipoitwa ndugu. Mdachi akaja akanyonga watu mchana. Hiyo ndiyo bustani. Watu wa mji huu hawakuota pamoja kama maua. Walijifunza kukaa pamoja kwa kazi, na kazi yenyewe mara nyingi ilifanywa na wanawake wenye sahani mkononi, na hakuna kijitabu kinachowataja. Nimemwandikia mwenye hoteli. Hajajibu.

Narudi. Unakumbuka kwamba mama alipolazwa baada ya kumzaa Muharami, Perpetua ndiye aliyemnyonyesha, ziwa moja mwanawe, ziwa moja ndugu yetu. Kwa sheria yetu Perpetua ni mama yake, na hilo hata sheikh wa Mapinga hawezi kulipinga. Ndiyo maana sahani ya Idi ya kwa Perpetua hupelekwa na Muharami, tangu anaburuta kanzu. Hata kwenye miaka hii ya kununa hakuacha. Alikuwa akitoka Mapinga, akipita mlango wetu bila kugeuza uso, anaingia kwa Perpetua na sahani yake, anatoka, anaondoka.

Mwaka huu Idi ya Muharami iliangukia Ijumaa. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, nimefunga, nasoma. Nikawasikia yeye na Najma wanabisha hodi upande wa pili wa ukuta.

"Shikamoo mama. Idi mubarak."

"Marahaba mwanangu. Hebu, umebeba nini hiki kinachonukia hivi? Unataka kunipeleka motoni?"

"Pilau, mama. Ya ng'ombe."

"Leo ni Ijumaa ya Kwaresima, Muharami! Nyama siigusi. Umenyonya kwangu na hujui nafunga lini?"

Dada, nilicheka peke yangu, na sikucheka kwa siri. Watu wanaochunga mwezi wa dunia nzima hawakujua Ijumaa ya jirani! Nikamsikia Muharami anakohoa, nikajua amenisikia, nikacheka tena.

Najma, maskini, akajaribu kuokoa jahazi. "Basi mama, tuirudishe, kesho tukuletee ya samaki?"

"Irudi? Sahani ya Idi irudi? Tangu lini, binti yangu? Watu wakiiona inatoka mlangoni kwangu na chakula chake watasema nini? Watasema Perpetua amekata ujirani na kina Mwanamvua. Hairudi."

Kuila hawezi, kuirudisha haiwezekani. Na friji yake ilikufa siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Basi akaanza kugonga ukuta.

"Mwanamvua! Friji yenu inafanya kazi?"

"Inafanya," mama akajibu kutoka kitandani. "Umeleta nini?"

"Sijaleta mimi. Nakuletea mtoto wako. Muharami, nenda ukaiweke, mimi magoti yananiuma."

Magoti yanamuuma akitaka yamuume, unamjua.

Nikafungua mlango. Muharami amesimama na hotipoti mikononi, kanzu nyeupe, mafuta ya mkarafuu yananukia hadi barabarani. Mimi nimefunga, midomo imekauka. Tulitazamana kama watu wawili waliokutana kwenye njia nyembamba, hakuna wa kupisha.

"Mama Perpetua anaomba nafasi kwenye friji," akasema.

"Nafasi ipo."

"Naona hujambo."

"Sijambo. Ramadhani karim."

Alitaka kunijibu, nikaiona Idi mubarak imemfika kwenye meno. Akaimeza. Shufaa akaja akaipokea ile hotipoti, akasogeza mtungi wa maji ya ukwaju, na pilau ya Idi ya Muharami ikalala juu ya tende zangu za futari. Sijui kama mji huu umewahi kuona jambo kama hilo.

Hapo Perpetua akapaza sauti tena juu ya ukuta. "Muharami! Kesho nitaila hapo hapo kwa mama yako, Jumamosi nyama inaruhusiwa. Na uje unipakulie mwenyewe. Sili sahani ya mwanangu mwenyewe akiwa hayupo."

Muharami akanitupia jicho. Kesho ilikuwa Idi yangu. "Mama, kesho mimi..."

"Najua kesho ni nini. Sikuiti kwenye Idi ya kaka yako. Nakuita kwenye Idi yako wewe, niliyoshindwa kuila leo kwa sababu ya Mungu wangu. Kwangu mimi bado haijaisha. Au unataka mama yako akose Idi?"

Dada Rukaya, nimesoma usuli wa fiqhi kwa miaka, nimebishana na watu waliosoma Madina, sijawahi kuona mlango uliokatwa vizuri namna ile. Yeye akija, hakubali Idi yangu, anakamilisha yake. Mimi nikimpokea, sikubali Idi yake, nampokea mgeni wa mama yake wa kunyonya. Hakuna aliyeshindwa. Nilimwona Muharami anautafuta upenyo wa kukataa, hakuupata. Mimi pia nilikuwa nautafuta kwa upande wangu, kwa mazoea tu.

"Nitakuja," akasema, akaondoka.

Jioni ile mwezi ukatangazwa, na Jumamosi tukaswali Idi. Niliporudi kutoka msikitini nikamkuta Muharami uani, amevaa shati lake la kufanyia kazi za banda la kuku, lenye madoa, makusudi kabisa, asije akaonekana amevaa Idi. Watoto wake lakini walikuwa wamevaa kanzu zao za jana na wanakusanya zawadi za Idi kwa mara ya pili. Watoto hawana madhehebu.

"Idi mubarak, kaka," akanambia, "ingawa mmechelewa."

"Karibu, mdogo wangu," nikamjibu, "ninyi mliowahi."

Shufaa alikuwa amepika biriani ya kuku. Mama akataka vyote viwekwe kwenye sinia moja, pilau ya jana upande mmoja, biriani ya leo upande mwingine, na sisi wawili tukae tukikabiliana. Akakaa kati, akapapasa mkono wangu, akapapasa mkono wa Muharami, akahakikisha yote miwili imo ndani ya sinia. Perpetua akapakuliwa na mwanawe kama alivyotaka, akaonja.

"Nzuri," akasema. "Imelala na bado nzuri."

Tonge la tatu halijashuka, tukaanza. Muharami alisema kitu kuhusu darubini, mimi nikamkumbusha Kuraibu, yeye akasema Kuraibu hakuwa na simu. Nikapandisha sauti, naye akapandisha. Shufaa akanikanyaga mguu. Mama akatulia kabisa, uso umeng'aa, anasikiliza kama mtu anayesikiliza kaswida.

"Waacheni," akasema. "Gombaneni mpendavyo, ila mkono usitoke kwenye sinia."

Perpetua akadakia: "Padre alitueleza kuna Wakristo wenzetu wana Pasaka yao wiki nyingine kabisa. Nikauliza, wanakula? Akasema wanakula. Nikasema basi, salama."

Tulikula mpaka sinia likaonekana chini. Mama akanawa, akajifuta mikono taratibu, akauliza kama anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Haya. Jumanne nani ananipeleka?"

"Mimi," tukasema wote wawili.

Sikuweza kuendelea kukaa pale, dada. Nilisimama nikajifanya natafuta kijiti cha meno jikoni.

Jumanne tulikwenda sote, kwenye gari la jirani yake Muharami. Kutoka Zinga hadi Mapinga tulikuwa tunabishana habari za maulidi, kutoka Mapinga kwenda mbele mama akatuamuru tunyamaze ajisomee nyiradi zake. Upasuaji haukuwa mrefu. Tulikaa nje kwenye benchi, na Muharami alinishika mkono, nami nikauacha mkononi mwake. Siku ya pili nesi akamtoa kibandiko. Mama akapepesa, akapepesa tena. Akaukazia macho uso wangu kwa muda.

"Huyu mwenye mvi ni nani?"

"Haidar, mama."

Akageuka. "Na huyu mwenye kipara?"

"Muharami, mama."

"Ee Mola wangu! Kumbe miaka yote hii nahangaika na wazee!"

Nesi alicheka hadi akakaa. Muharami alijishika kichwa, na mimi nilicheka huku machozi yananitoka, sijui kama ni ya kicheko au ni ya ile mizigo yote iliyoshuka mabegani kwa mkupuo. Nimelala usingizi wa mtoto tangu siku hiyo. Sikujua nilikuwa nimechoka kiasi gani.

Usije ukadhani tumekubaliana. Hatujakubaliana lolote kuhusu mwezi, na makala yangu ya tatu iko tayari. Tulilokubaliana ni kwamba kila mtu ataswali siku yake kwa anavyoamini, na siku ya sinia ataitaja mama, na ubishi wa mwandamo hauingii jikoni. Kwenye Idi ya kuchinja, siku za kula nyama ni zaidi ya moja, kwa hiyo hata sheria imetupa nafasi. Na Krismasi mbuzi wa Perpetua atachinjwa na Muharami, kama zamani, ili tule wote. Tangu anune nimekuwa nikimchinja mimi, na kila mtu hapa anajua mkono wangu ni wa kalamu, si wa kisu. Mbuzi wenyewe wamefurahi, nadhani.

Jicho la kushoto bado. Tumepewa siku Mfungo Pili, na safari hii mama hakuweka sharti lolote, ameuliza tu atavaa kanga ipi.

Nisalimie sana Shemeji Mikidadi, mwambie ajipake mafuta ya nyonyo mgongoni asikimbilie vidonge. Nisalimie Ashrafu na dada zake. Shufaa anakusalimu, Najma anakusalimu, Muharami anakusalimu na anasema usiamini yote yaliyomo humu. Perpetua anakusalimu kwa jina lako la utotoni ambalo siwezi kuliandika.

Mama anakusalimu kuliko wote. Amekaa hapa karibu yangu naandika, ananitazama mkono, jambo ambalo kwa miaka mingi hakuweza. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema: "Mwambie nimewaona wawili. Bado mmoja."

Mungu akulinde wewe na ulio nao, akuondolee uzito wa safari, na njia hiyo ndefu akulete nayo kwetu ukiwa salama.

Mdogo wako wa tumbo moja, anayekupenda hata katikati ya hoja,

Haidar